Uzi: Amiba ndiye aliyewanoa bakteria wanaotuua, sisi tumeingia kwenye ugomvi usiotuhusu

Mzee wa Hadubini

Wakuu habari za mida hii. Kuna kitu kimekaa kichwani kwangu muda mrefu na leo nakishusha, ni kirefu kwahiyo mwenye haraka apite tu, hatugombani.

Kwanza tuelewane. Nikisema amiba wengi mnamfikiria yule wa tumboni, unaharisha unaenda kupima choo unaambiwa una amiba unapewa dawa unarudi nyumbani. Huyo anaitwa Entamoeba histolytica na leo simgusi kabisa. Nawazungumzia amiba wanaojitegemea, ambao hawamhitaji binadamu wala mnyama ili waishi, wapo kwenye udongo, mito, mabwawa, matangi, ndani ya mabomba, hadi kwenye vumbi. Maarufu zaidi anaitwa Acanthamoeba. Ni kiumbe cha seli moja tu, hana mdomo hana macho, upana wake kama mikromita 25 hadi 40, ukiwapanga thelathini hivi kwenye mstari ndio unapata milimita moja. Kazi yake kutambaa na kula bakteria. Anamzunguka kwa mwili wake, anamfungia kwenye kifuko, anakimwagia kifuko tindikali na vimeng'enya, bakteria kwisha habari yake.

Sasa bakteria wameliwa hivyo tangu kabla hakujawa na mnyama yeyote duniani. Ukiwa msosi wa mtu kwa muda wote huo ama unakwisha ama unabaki na ujanja, na baadhi ya waliobaki na ujanja ndio hao leo wakiingia kwenye mapafu ya binadamu wanajikuta kama wako nyumbani.

Ngoja nianze na tukio. Julai 1976, Philadelphia, Marekani, maveterani wa chama kinachoitwa American Legion wana mkutano wao kwenye hoteli ya Bellevue-Stratford. Wanarudi makwao wanaanza kuugua, homa kali, kikohozi, mapafu yanajaa. Hesabu ya mwisho watu 221 waliugua na 34 wakafa. Nchi nzima ikashikwa na hofu, wengine wanasema sumu, wengine wanasema homa ya nguruwe, wengine njama. Vipimo vyote vya bakteria vinarudi safi. Ni mpaka Januari 1977 ndio Joseph McDade na mwenzake Charles Shepard wa CDC (kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa) wakatangaza wamempata, bakteria ambaye hakuna aliyekuwa amempa jina, wakamwita Legionella pneumophila kwa heshima ya hao maveterani (heshima gani sasa hiyo!).

Kilichowachelewesha ni kwamba huyu jamaa hakubali kuota kwenye vyakula vya kawaida vya maabara. Anataka mkaa, chachu, chuma na sisteini (moja ya amino asidi, yale matofali ya kujengea protini), mambo mengi kama bibi harusi. Swali ambalo lilitakiwa limsumbue kila mtu ni hili: kiumbe anayedeka hivyo anaishije kwenye maji ya bomba ambayo hayana chakula cha maana?

Jibu lilitoka Leeds, Uingereza, mwaka 1980, kwa bwana anaitwa Timothy Rowbotham. Alimchukua Legionella akamweka na amiba wa majini na udongoni, akaona amiba wanammeza kama kawaida yao, alafu badala ya kusagwa yeye ndiye anaanza kuzaana humo ndani mpaka amiba anajaa na kupasuka. Maji kwake ni barabara tu, chakula kiko ndani ya amiba.

Naendelea, mlioko macho mkae mkao wa kula.

Chembechembe

Nimeweka kambi hapa mkuu, shusha.

kaka_pilipili

Ati bakteria wamenolewa. Wamesoma shule ipi na nani alisahihisha mtihani 😂

Mzee wa Hadubini

@kaka_pilipili mtihani unasahihishwa na tumbo la amiba. Ukifeli unakuwa kinyesi ukifaulu unazaana, hakuna supplementari. Hakuna bakteria aliyekaa akafikiria chochote, ni kwamba kila kizazi wale wenye kibadiliko kidogo kinachowachelewesha kusagwa ndio wanaacha watoto, rudia hiyo mara zisizohesabika, unapata mtaalamu.

Haya tuingie ndani ya seli maana hapa ndipo utamu ulipo.

Amiba akimkumba Legionella wakati mwingine anamviringia kama mtu anayejifunga shuka, anamfungia kwenye kifuko. Kwa bakteria wa kawaida hicho kifuko kinaenda kuungana na vifuko vya tindikali basi mchezo umekwisha. Legionella ana mtambo kama sindano unaotoboa ukuta wa kifuko, kitaalamu unaitwa Dot/Icm, kupitia hapo anapitisha protini zake kuingia kwenye mwili wa amiba. Na sio protini mbili tatu, ni zaidi ya 300! Genomu yake, yaani jumla ya maelekezo yake ya urithi, ina jeni kama elfu tatu, kwahiyo karibu moja kwenye kila kumi kazi yake ni kuchezea mambo ya ndani ya mwenzie. Zingine zinakizuia kifuko kisikutane na tindikali, zingine zinateka vile vimizigo vya mafuta na protini ambavyo seli inavisafirisha kutoka idara moja kwenda nyingine, vinageuzwa njia vinakuja kukipaka kile kifuko kwa nje kwahiyo amiba anakiona kama sehemu ya mwili wake mwenyewe. Mwizi amevaa sare ya mlinzi, anapigiwa na saluti.

Humo ndani anazaana. Siku moja mpaka mbili chakula kinakwisha, anahisi upungufu wa amino asidi, anabadilika, anaota mkia wa kuogelea, anakuwa mgumu, alafu amiba anapasuka wanatoka mamia wanatafuta mwingine.

Walivyosoma genomu yake mwaka 2004 wakakuta jeni kibao ambazo kwa sura yake sio za bakteria, zinafanana na za viumbe wenye kiini kwenye seli kama amiba na sisi. Baadhi zinaelekea aliziiba hukohuko kwa wenyeji wake. Yaani anamla mwenyeji na anaondoka na funguo za nyumba.

NesiWaZamu

Mzee umenigusa hapo, ila mbona hujasema sisi tunaingiaje? Mapafu hayana amiba.

Mzee wa Hadubini

Dada yangu nesi nilikuwa nakuja huko, umeniwahi.

Mapafu hayana amiba lakini yana kitu kinachofanana naye mno. Kwenye vifuko vya hewa kuna seli walinzi zinaitwa makrofeji, zinatambaa, zinazungukia vijidudu, zinavimeza, zinavimwagia tindikali. Unaona picha? Mwanasayansi Élie Metchnikoff ndiye aliyezistukia hizi seli za kumeza, mwaka 1882 akiwa Messina, Italia, alichoma vimiiba kwenye mtoto wa kiti cha pwani (hao viumbe wa baharini wanaofanana na nyota, wakiwa wachanga wanapitisha mwanga) kesho yake akaona seli zimeujaa mwiba zinajaribu kuumeza. Tuzo ya Nobeli akapewa 1908 pamoja na Paul Ehrlich. Na wazo lake lilikuwa hilohilo, kwamba seli za kinga zinafanya kile ambacho viumbe wa seli moja wanakifanya kwa ajili ya msosi. Ulinzi wetu ni ulaji wa zamani uliopewa kazi mpya.

Kwahiyo Legionella akivutwa puani na ukungu wa maji, akafika chini kwenye mapafu, makrofeji inamkamata, yeye anaona ni amiba tu, anafungua begi la zana zilezile, zinafanya kazi. Hana habari kama yupo ndani ya mtu. Na kwake binadamu ni njia isiyo na mwisho, maana ugonjwa huu kwa kawaida hauambukizwi mtu kwa mtu, anaua na anafia humo humo. Hajapata faida yoyote, hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, unakufa kwa ajili ya kitu ambacho hata hakikukutaka.

NesiWaZamu

Sasa nimeelewa kwanini tunaambiwa nimonia ya hivi usiitegemee amoksilini wala penisilini. Mdudu yupo ndani ya seli, dawa inazunguka nje, na mwenyewe pia ana kimeng'enya cha kuivunja. Zinazotumika ni zile zinazoingia kwenye seli, azithromaisini au levofloksasini. Na kipimo cha mkojo kinamshika vizuri yule wa kundi la kwanza tu, wa makundi mengine unaweza kupata jibu hasi na mtu anaye.

Mzee wa Hadubini

Hapo umemaliza dada. Na ongezea hii: kuna kazi za maabara miaka ya tisini zilionyesha Legionella waliokulia ndani ya amiba wanavumilia dawa kuliko waliokulia kwenye chakula cha maabara, na wanaingia kwenye seli zetu kirahisi zaidi. Yaani dawa unaijaribu kwa mdudu aliyelelewa kwenye sahani, anayekuja kwa mgonjwa ametoka jeshini.

fundibomba

Wakuu mi ni fundi wa maji kwenye majengo makubwa, sio msomi, ila huu uzi umenifanya nikae. Swali langu moja. Si tunaweka klorini? Klorini inamuua bakteria, tumefundishwa hivyo, sasa huyo amiba anabadilisha nini?

Mzee wa Hadubini

Fundi, swali lako ndilo lililonifanya nifungue huu uzi, shikamoo kabisa.

Legionella akiwa peke yake anaogelea kwenye maji, klorini ya kutosha inamuua. Sasa amiba mazingira yakiwa mabaya kwake (ukame, baridi, njaa, dawa) anajikunja anakuwa sisti, anajijengea kuta mbili, ndani yake kuna selulosi, kile kitu cha kwenye miti. Akiwa na Legionella ndani, wote wanalala humo. Mwaka 1990 kuna watafiti Uingereza walichukua sisti za Acanthamoeba zenye Legionella ndani wakazimwagia klorini huru miligramu 50 kwa lita, na Legionella wakatoka hai. Maji ya kunywa yakifika bombani kiwango chake kwa kawaida ni kama 0.2 mpaka 0.5. Piga hesabu, mara mia na zaidi. Hakuna mtu anayeweza kunywa maji ya 50, wala kuogea.

Alafu dawa ikishapungua sisti inafunguka, maisha yanaendelea. Ndio maana mnasafisha mfumo, mnapima, safi, wiki kadhaa baadae wamerudi mnaanza kulaumiana.

Na kuna zaidi. Bakteria akipigwa dawa au njaa anaweza kuingia hali ya kulala ambayo yu hai ila haoti kwenye sahani ya maabara, kwahiyo kipimo kinasema hayupo. Mwaka 1997 walichukua Legionella wa namna hiyo wakawachanganya na Acanthamoeba, wakaamka wakazaana. Sahani inasema wamekufa, amiba anasema wamelala.

fundibomba

Daah. Hii inanikumbusha jengo moja sitalitaja, tuliitwa mara tatu mwaka mmoja. Kila tukimwaga dawa majibu yanakuja mazuri, baada ya muda kidogo tunaitwa tena, meneja anasema tunakula hela yake bure. Mwisho mzee mmoja aliyekuwa bosi wangu akasema acheni dawa, tafuteni maji yaliyolala. Tukafuata mabomba moja moja tukakuta vipande kibao vya ukarabati wa zamani, bafu limeondolewa ila bomba lake limeachwa limezibwa mwisho, maji yamo humo vuguvugu miaka na miaka, tulipokata ilitoka ute kama makamasi ya kahawia. Tukaviondoa vyote, tukapandisha na joto la tangi. Hatukuitwa tena. Wakati ule sikujua kwanini, nilijua tu uchafu.

Mzee wa Hadubini

Huyo mzee wako apewe shahada. Ule ute ndio mji wenyewe. Bakteria wa kila aina wamejenga utando kwenye ukuta wa bomba, amiba wanakula juu yake kama ng'ombe kwenye nyasi, na ndani ya amiba wamo hao wahuni. Ukiondoa malisho umeondoa hao ng'ombe, umemuondolea Legionella nyumba ya kuzaliana.

Kuhusu joto, Legionella anapenda kati ya nyuzi 20 na 45 hivi, chini ya 20 amelala, kwenye 60 anakufa haraka. Ndio maana miongozo inasema maji moto yahifadhiwe 60 au juu yake na maji baridi yakae chini ya 20. Kinachowakamata wengi ni kuweka tangi vuguvugu ili kubana umeme, hapo umewatengenezea watoto wa amiba na Legionella wodi ya uzazi. Ila 60 inaunguza ngozi kwahiyo kwenye bomba la mtumiaji panatakiwa valvu ya kuchanganya, na hiyo valvu ikae karibu kabisa na bomba maana baada yake maji ni vuguvugu tena.

kaka_pilipili

Nyie wasomi kazi yenu kutisha watu. Hayo maji tumeogea miaka yote mbona tupo.

NesiWaZamu

@kaka_pilipili na upo kwa sababu mwili wako mara nyingi unashinda. Wanaoangushwa ni wazee, wavutaji sigara, wenye mapafu mabovu, wenye kinga iliyoshuka. Nenda kawaulize waliopo kwenye mashine ya oksijeni kama wametishwa.

Mzee wa Hadubini

Tusigombane. Kaka ana hoja, kukutana naye sio kuugua. Na kumnywa pia mara nyingi sio tatizo, tatizo ni kumvuta kwenye vitone vidogo: minara ya kupozea ya viyoyozi vikubwa, shawa, mabwawa ya maji moto yenye mapovu, chemchemi za mapambo. Mwaka 1999 Uholanzi, mji wa Bovenkarspel, kulikuwa na maonyesho ya maua, kuna bwawa la mapovu limewekwa pale la maonyesho tu, hakuna aliyeoga, watu wanapita pembeni yake. Walikufa wasiopungua 32. Kupita pembeni tu.

Na kabla ya Philadelphia, 1968 huko Pontiac, Michigan, watu 144 waliugua homa ya ghafla kwenye jengo moja, hakufa hata mmoja, wakapona wenyewe ndani ya siku chache. Miaka baadae damu zilizohifadhiwa zikaonyesha ni Legionella huyohuyo kwa sura nyepesi. Jengo lenyewe lilikuwa la idara ya afya 😂 msinitafute.

Msomaji Kimya

Mimi huwa sichangii ila leo imebidi. Ni Legionella peke yake au wapo wengine?

Mzee wa Hadubini

Wapo kibao.

Kuna ndugu wa kifua kikuu wanaoishi kwenye maji na udongo, Mycobacterium avium, anayewasumbua sana wenye kinga ndogo. Mwaka 1997 ilionyeshwa anaingia na kuzaana ndani ya Acanthamoeba na akitoka humo ni mkali zaidi. Yeye pamoja na ukuta wake wa nta klorini haimbabaishi hata akiwa mwenyewe, sasa mpe na amiba juu yake.

Bakteria wa tauni, Yersinia pestis. Hili ni fumbo la zamani, tauni inalipuka kwa panya na wanyama wa mashimoni alafu inapotea miaka kadhaa alafu inarudi palepale, ilikuwa wapi? 2018 watafiti Marekani walionyesha anaweza kukaa hai ndani ya amiba wa udongoni saa 48 na zaidi. Haijamaliza fumbo lakini mlango umefunguliwa.

Bakteria wa kipindupindu, hapa watafiti wa Sweden miaka ya 2000 walionyesha Vibrio cholerae anaingia kwenye Acanthamoeba na kuendelea kuishi.

Na kuna Pseudomonas aeruginosa, huyu wa kwenye vidonda vya moto na masinki ya hospitali, yeye hataki habari za kuishi ndani. Amiba akimsogelea anamdunga sumu anamuua. Sio kila mtu anatumia ujanja, wengine ni ngumi tu.

Dokta wa Matope

Mkuu nimefuatilia kimya, uzi ni mzuri, ila naomba nikubane kidogo maana unaanza kupepea. Mimi nimefanya mambo ya maji kwa muda.

Moja, tofautisha kuishi, kuzaana na kutegemea. Legionella ndani ya amiba anazaana na ushahidi upo wa maabara na wa kwenye mabomba. Bakteria wa kipindupindu hamtegemei amiba hivyo. Vibrio ana maisha yake mengine kabisa, anashika kwenye maganda ya vidudu vidogo vya majini vinavyofanana na kamba, anakula hiyo kaitini yake, yaani kile kitu kigumu kinachojenga ganda. Hilo ndilo lililothibitishwa hadi vijijini: kikundi cha mtafiti Rita Colwell kilichofanya kazi Bangladesh walitoa matokeo 2003, kina mama walichuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa angalau mara nne, kipindupindu kikashuka kwa asilimia 48. Kitambaa hakimzuii bakteria kupita, kinazuia vile vidudu alivyovipanda. Kwahiyo ukisema kipindupindu na amiba watu wataacha kuchuja maji waanze kuwinda amiba.

Mbili, nyingi ya hizi tafiti ni chupa ya maabara, amiba wa aina moja, bakteria wa aina moja, joto moja. Weka chochote kwenye chupa na amiba, baadhi watachelewa kusagwa, hapo mtu anaandika karatasi. Chukua Listeria, bakteria wa kwenye chakula, mtafiti mmoja anasema anazaana ndani mwingine anasema anasagwa.

Tatu, kwa bakteria walio wengi amiba bado ni kifo. Usimgeuze kuwa hoteli.

Mzee wa Hadubini

Dokta nimekubali la kwanza na la tatu bila ubishi, hasa la kipindupindu, nililitupia tu bila kuliweka sawa. Mnaosoma: kuchuja na kuchemsha kuko palepale.

La pili nakubali nusu. Chupa ni chupa. Lakini kuna ushahidi mwingine ambao haupo kwenye chupa, upo kwenye mwili wa mdudu mwenyewe. Huwezi kubeba protini 300 za kuchezea seli za watu kama huna seli za kuchezea kila siku, na binadamu hawezi kuwa ndiye sababu maana kwake hatoki. Na kwanini nyingi hivyo? Maelezo yanayonikaa ni kwamba anakutana na amiba wa aina nyingi, ufunguo wa huyu haufungui kwa yule, kwahiyo anatembea na fungu zima.

Na sio bakteria tu. Kuna fangasi anaitwa Cryptococcus neoformans, anaua watu wenye kinga iliyoshuka kwa kushambulia utando wa ubongo. Yupo kwenye udongo na kinyesi cha njiwa, hamhitaji mtu kwa lolote. Mtafiti Arturo Casadevall na wenzake wamesema kwa miaka mingi kwamba silaha zake zote, ile kapsuli (ganda laini la nje) yake nene na melanini (rangi nyeusi), ni za kujikinga na amiba, ukali wake kwetu ni ajali. Na ukitaka kucheka, hata jina la Acanthamoeba castellanii linatokana na daktari Aldo Castellani ambaye mwaka 1930 alimkuta huyo amiba amevamia sahani yake ya chachu anaila.

Dokta wa Matope

Hapo sawa, kwa Cryptococcus tuko pamoja. Na ulivyomtaja Rowbotham umesahau kisa chake cha pili, nacho ni kizuri kuliko cha kwanza.

Mzee wa Hadubini

Nimekiweka akiba, haya. 1992, Bradford, Uingereza, kuna mlipuko wa nimonia, Rowbotham anatafuta Legionella kwenye maji ya mnara wa kupozea. Anakuta ndani ya amiba kuna vitu vya duara, vikipakwa rangi vinaonekana kama bakteria, akaviita kokasi (bakteria wa duara) ya Bradford. Kila jaribio la kumtambua linagoma. Sampuli ikakaa kwenye friza miaka, mwisho ikafika Marseille, Ufaransa, wakaiangalia kwa hadubini ya elektroni, kumbe ni kirusi! Kikubwa mpaka kinaonekana kwa hadubini ya kawaida. Wakatangaza 2003, wakakiita Mimivirus, maana kinaiga bakteria. Mlango wa virusi vyote vikubwa tunavyovijua leo ulifunguliwa na mtu aliyekuwa anatafuta kitu kingine kwenye tumbo la amiba.

Chembechembe

Kwahiyo amiba siku zote ndiye anayepoteza? Namuonea huruma sasa.

Mzee wa Hadubini

Hapana, wakati mwingine wanaoana. Kuna mtafiti Kwang Jeon, mwaka 1966, amiba wake aina ya Amoeba proteus waliingiliwa na bakteria, makumi ya maelfu ndani ya kila amiba. Wengi wakafa, waliobaki wagonjwa wagonjwa, mwingine angevimwaga vyote aanze upya. Yeye akawalea. Miaka ikapita wakapata nguvu, basi akajaribu kuwatoa bakteria wao, amiba wakafa. Akahamisha viini, kiini cha amiba aliyezoea bakteria ukikiweka kwenye mwili usio na bakteria hakiishi. Adui amekuwa kiungo cha mwili ndani ya miaka ya kazi ya mtu mmoja. Na mwaka 2004 walipomtambua yule bakteria vizuri wakakuta ni wa ukoo uleule, wakampa jina Legionella jeonii.

Mwingine ni amiba Dictyostelium discoideum wa udongoni. Njaa ikibana amiba hadi laki moja wanakusanyika wanakuwa kitu kimoja kinachotambaa kama konokono asiye na nyumba, wengine wanajitoa wanakuwa shina wanakufa, waliobaki juu wanakuwa mbegu. Mwaka 2011 Debra Brock na wenzake wakaonyesha karibu theluthi moja ya aina za porini hawali bakteria wote, wanabakiza wengine wanasafiri nao kwenye mbegu, wakifika pengine wanapanda. Wakulima kabisa. Na baadhi ya hao wanaobebwa ni jamaa wa Burkholderia, ukoo wa bakteria wenye wahuni wake pia.

Binti wa Lenzi

Samahanini, mimi navaa lenzi za kwenye macho na huwa nasuuza kikasha chake kwa maji ya bomba. Niogope?

NesiWaZamu

Mdogo wangu acha leo leo. Hapo hata bakteria tumuweke pembeni, Acanthamoeba mwenyewe anakula konea (kioo cha mbele cha jicho), maumivu yake makali mno na matibabu ni miezi maana zile sisti ndio kama alivyoeleza Mzee kwenye klorini. Tumia dawa ya lenzi tu, kikasha kikauke, usiogelee wala kuoga nazo. Na jicho likiuma na kuogopa mwanga usinunue matone mwenyewe, nenda.

Binti wa Lenzi

Jamani 😭 nimeshakimwaga. Asante dada.

kaka_pilipili

Sawa nimesalimu amri. Mzee, nikitaka kumuona huyo amiba kwa macho yangu inakuwaje?

Mzee wa Hadubini

Karibu upande wetu. Unachukua sahani ya agari (kama jeli ya maabara) isiyo na chakula, unaipaka bakteria E. coli juu kama siagi kwenye mkate, unadondosha maji yako au ule ute, unaiacha kwenye nyuzi 30 siku kadhaa. Ukiiweka chini ya hadubini unaona vijinjia vyeupe vimekatwa kwenye ile E. coli kama ng'ombe alivyopita kwenye majani marefu, ukifuata kijinjia mwisho wake yupo mwenyewe anatafuna. Ukimsubiri amalize msosi utaona anajikunja kuwa sisti, ukuta wa ndani una kona kona kama nyota. Ila hii ni kazi ya maabara, sio ya mezani kwako, kwenye maji ya uvuguvugu anaweza kuwemo amiba mwingine, Naegleria fowleri, na yule akiingia puani anapanda hadi kwenye ubongo, wanaopona ni wa kuhesabu.

fundibomba

Mzee kesho nafungua shawa za ghorofa nzima, kuna vichwa havijaguswa miaka. Nikikuletea ule ute utauangalia? Na niuweke kwenye chupa ya aina gani, isije ikawa nimewaua njiani.

Mzee wa Hadubini

Lete fundi! Chupa iliyochemshwa, iwe na maji ya hapohapo nusu, nusu nyingine hewa, usiweke kwenye friji. Kwangua na upande wa ndani wa kile kichwa, wengi wanachukua maji tu wakati wenye nyumba wamebaki ukutani. Na vaa barakoa, usifungulie maji kwa nguvu ukiwa umeinamia.